Kufuga Nyenje Uani: Mwongozo kwa Kaya za Malindi

Nyenje, wadudu wanaolia usiku, hufugwa ili wasagwe unga wa kuliwa. Kabla ya kununua hata besheni moja la kuwafugia, mume na mke wakubaliane nyenje watakuwa wa nani, nani atawalisha, na pesa zikipatikana zitashikwa na nani. Ufugaji huu humfaa mwanamke kwa kuwa hauhitaji shamba wala hati ya ardhi na hutumia maji kidogo. Lakini kwa sababu hizo hizo huonekana kazi ndogo ya jikoni mpaka wateja waanze kupiga hodi, na hapo mauzo huhamia kwa mume huku usafi ukibaki kwa mke. Makubaliano yaandikwe daftarini, na daftari likae kwa yule anayelisha. Mume naye apewe kazi inayojulikana, kama vile kuunda meza na kuleta maji, la sivyo mradi utamwongezea mke mzigo tu.

Suala la pili ni la dini. Nzige wamehalalishwa kwa Hadithi, ila kuhusu nyenje wanazuoni wametofautiana, na madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi huku pwani yana ukali juu ya wadudu. Kwa hiyo kaya ya Kiislamu imuulize sheikh mapema. Akikataza, nyenje hao wanaweza kulishwa kuku, na nyumba ikapata mayai.

Tumia besheni pana au kreti ya plastiki, upange trei za mayai wima ndani yake ili wapate pa kujificha, kisha ufunike kwa wavu wa chandarua kisichotiwa dawa, usiopitisha mjusi kafiri. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo ya maji, maana sisimizi wakiingia usiku mmoja hawabakishi kitu. Nyenje hustawi katika joto la nyuzi 28 hadi 30, ambalo Malindi hulipata bila taa sehemu kubwa ya mwaka. Majira ya kusi, usiku unapopoa, funika kreti kwa gunia. Chumba hicho kisipulizwe dawa ya mbu kamwe.

Wape chakula cha vifaranga, mchicha na maganda ya papai, ila mboga zilizopigwa dawa huwaua. Maji yawekwe kwenye sponji iliyolowa, kwani kisahani cha maji kisicho na sponji huwazamisha wachanga.

Dume ndiye aliaye. Jike hutambulika kwa mrija mwembamba kama sindano unaotokeza nyuma. Ukisikia madume wameanza kulia, weka bakuli la vumbi la makumbi ya nazi lenye unyevu, wala usitumie mchanga wa ufukweni wenye chumvi. Majike hutumbukiza mirija yao humo na kutaga. Hamishia bakuli kwenye kreti nyingine, na katika joto hilo mayai huanguliwa baada ya wiki moja hadi mbili.

Vuna wiki 6 hadi 8 baada ya kuanguliwa. Wanyime chakula siku moja, waoshe, wachemshe dakika tano, waanike chini ya wavu, kisha usage. Zaidi ya nusu ya uzito wa nyenje mkavu ni protini, hivyo vijiko vichache vya unga huo hutosha sufuria ya uji. Fungu la watoto na la mama mjamzito litengwe kabla ya kupima la kuuza. Anayedhurika kwa kula kamba au kaa asionje kabisa, kwani nyenje wanaweza kumletea madhara yale yale.