Ukienda kuangalia picha za kufumwa, zunguka ubavuni
Jamani watu wa Tanga, ukipata nafasi ya kwenda kwenye maonyesho ya hizi picha kubwa za nyuzi zinazofumwa kwa mkono, usisimame mbele ukapiga selfi ukaondoka. Anzia mbali uione yote, alafu sogea ukaiangalie kwa ubavu, hapo ndo utajua wapi ni sufu wapi ni pamba, na ikiwa kuna mkonge sisi wa huku tunautambua mapema sana. Tafuta rangi mbili zinapokutana, mara nyingi kuna ufa mdogo, sababu mshindio (uzi wa rangi unaopitishwa kukatiza) wa kila rangi unageukia pale pale bila kuvuka, na mtande (nyuzi zilizonyooshwa kwanza, ambazo mshindio unapita kati yake) wote umefunikwa. Mimi hapo nakaa hata robo saa. Ila usiguse, mafuta ya vidole yanaingia kwenye nyuzi. Msanii akiwepo muombe akuonyeshe mgongo wa kazi.