Namna ya kuandika maisha ya mtunzi wa korali: mwongozo kwa watu wa Lubumbashi

Lubumbashi ina watunzi ambao nyimbo zao zinaimbwa kila Jumapili, kutoka Katuba hadi Ruashi, na waimbaji wenyewe hawajui zilitungwa na nani. Mtunzi akifariki, watoto hugawana vitu vya nyumba, na daftari za nyimbo hubaki kwenye kartoni mpaka mvua au panya wazimalize. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuandika maisha ya mtu kama huyo kabla hayajafika huko: mwalimu wa korali, mwanafunzi wa chuo, mjukuu.

Mfano bora wa kufuata unatoka Slovenia. Dragotin Cvetko, aliyezaliwa 19 Septemba 1911 katika kijiji cha Vučja vas na kufariki Ljubljana tarehe 2 Septemba 1993, alikuwa mtunzi mwenyewe, lakini nguvu zake nyingi aliziweka kwenye historia ya muziki wa taifa lake. Kati ya 1958 na 1960 alitoa historia hiyo kwa juzuu tatu. Mwaka 1962 akaanzisha idara ya muzikolojia, yaani taaluma ya kuchunguza muziki, katika Chuo Kikuu cha Ljubljana, na mwaka 1965 likafuata jarida la taaluma hiyo, Muzikološki zbornik. Slovenia ni nchi ndogo iliyotawaliwa na wengine kwa karne nyingi, kwa hiyo karatasi zake ziko katika Kilatini, Kijerumani na Kiitaliano, na Ljubljana yenyewe ndani yake inaitwa Laibach au Labacum. Anayetafuta habari za Lubumbashi katika karatasi zinazosema Elisabethville ataelewa mara moja kwa nini tunamchukua Cvetko kama mwalimu.

Anza na nyimbo, si na kuzaliwa

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Alizaliwa wapi?" Wanapata hadithi nzuri ya kijiji na shule, halafu wakifika kwenye muziki hawana cha kusema. Geuza mwendo. Kwanza tengeneza orodha ya kazi zake, maana wimbo ulioandikwa una tarehe, una mkono wa mwandishi, una korali iliyouimba, na kila kimoja cha hivyo kinakupeleka kwenye maisha yake.

Nunua kartoni nyembamba, uikate vipande vya ukubwa wa nusu ya ukurasa wa daftari. Wimbo mmoja, kipande kimoja. Andika kwa penseli, na usikaribie karatasi za zamani na biki: doa la wino halitoki. Kwenye kipande weka kichwa cha wimbo, lugha ya maneno, nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani alipanga sauti nne, tarehe kama ipo, karatasi iko kwa nani, na nani aliyeuimba.

Halafu kuna kitu ambacho wengi hukiacha, nacho ndicho cha muhimu kuliko vyote: noti nane za kwanza za soprano, kwa solfa (herufi d, r, m, f, s, l, t), pamoja na ufunguo na mapigo. Bila hizo utapotea. Mtunzi mmoja wa misa anaweza kuwa na "Bwana utuhurumie" sita, na korali tatu zikakuambia zote zinaimba "ile ya Papa", yaani ya mzee huyo, kumbe kila moja inaimba yake. Kichwa hakitofautishi wimbo na wimbo, mwanzo wa sauti ndio unaotofautisha. Andika kwa mfano: Do ni F, mapigo manne, s s l s d' t l s. Ukikuta kipande kingine chenye mwanzo huohuo na kichwa tofauti, umegundua wimbo mmoja wenye majina mawili.

Angalia sana fotokopi. Karatasi nyingi zinazozunguka mjini ni fotokopi ya fotokopi, na solfa ni maandishi ya alama ndogo: mkwaju mdogo juu ya herufi unapandisha oktava, chini unaishusha, nukta katikati ya pigo inaligawa nusu kwa nusu. Mashine ikichoka, alama hizo ndizo za kwanza kufutika. Ndiyo maana besi ya karatasi moja inaruka juu bila sababu, au pigo linaonekana na noti mbili zisizogawanywa. Usisahihishe kwa akili yako. Tafuta nakala ya pili, ilinganishe pigo kwa pigo, na pale zinapopingana andika zote mbili kwenye kipande chako.

Jina lililo chini ya karatasi

Jina lililoandikwa chini kulia mara nyingi si la mtunzi, ni la katibu wa korali aliyenakili. Tafuta neno linalolitangulia: "paroles" ni maneno, "musique" ni sauti, "harm." ni aliyepanga sauti nne, "copie" ni mnakili tu. Ikiwa hakuna neno, linganisha mwandiko na karatasi nyingine tatu kabla ya kumpa mtu sifa.

Tenganisha maneno na sauti siku zote. Wimbo wetu wa taifa, Debout Congolais, una maneno ya Joseph Lutumba na sauti ya padri Mjezuiti Simon-Pierre Boka, na bado utasikia mtu akitaja mmoja na kumsahau mwingine. Kuna pia kazi ambazo hazina mtunzi mmoja. Missa Luba, iliyozaliwa Kamina katika miaka ya 1950, hubeba jina la padri Mbelgiji Guido Haazen, lakini sehemu zake kubwa zilitokana na waimbaji waliokuwa wakibuni papo hapo juu ya nyimbo za asili. Ukikutana na hali kama hiyo usilazimishe jina moja. Andika nani alianza, nani aliongeza, nani aliandika kwenye karatasi.

Majina ya mtu mmoja yanaweza kuwa mengi. Jacobus Gallus, mtunzi wa karne ya 16 ambaye Cvetko alimchunguza sana, anaitwa Gallus kwa Kilatini, Handl kwa Kijerumani na Petelin kwa Kislovenia, na majina yote matatu maana yake ni jogoo. Kwetu mtego uko mwaka 1972, serikali ilipowataka Wazaire waache majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu. "Joseph" wa daftari la 1968 anaweza kuwa hana hilo jina kabisa katika programu ya tamasha ya 1975, kisha likarudi baada ya 1990. Fungua ukurasa mmoja wa majina yote ya mtunzi, pamoja na jina la utani la kwenye korali, na kila jina liwe na miaka yake.

Kupima tarehe bila tarehe

Karatasi isiyo na tarehe bado inasema kitu. Elisabethville iliitwa Lubumbashi mwaka 1966, na Jadotville ikawa Likasi mwaka huohuo. Zaire ilikuwa jina la nchi kutoka 1971 hadi 1997. Haut-Katanga kama mkoa ilianza kufanya kazi 2015. Neno jipya linakupa mpaka wa chini ulio imara: karatasi yenye muhuri wa Haut-Katanga haikupigwa muhuri 1990. Neno la zamani halina nguvu hiyo, maana mihuri na karatasi zenye kichwa hutumika miaka mingi baada ya jina kubadilika. Na kumbuka kwamba Lubumbashi ni jina la mto wetu tangu zamani, na kiwanda cha kuyeyusha shaba kiliitwa hivyo kabla mji haujaitwa.

Lugha ya misa nayo inasaidia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, na miaka iliyofuata ndiyo misa za Kilatini zilipoanza kuziachia nafasi misa za Kiswahili na lugha nyingine. Roma iliidhinisha misa ya Kizaire mwaka 1988. Hizi ni alama za njiani tu, maana nyimbo za Kiswahili ziliimbwa kanisani hata kabla ya Mtaguso.

Kosa linalorudiwa kila mara ni kuchanganya umri wa karatasi na umri wa wimbo. Nakala ya 1985 inaweza kubeba wimbo wa 1950. Andika tarehe mbili kwenye kipande, kila moja mahali pake.

Kukaa na wazee

Nenda ukiwa na wimbo mkononi. Mzee ukimwambia, "Papa, tunaomba utueleze maisha ya mwalimu," atakupa hotuba ya mazishi. Ukimwambia, "Mama, huu mliuimba wapi mara ya kwanza?" na ukaanza kuuimba kidogo, ataushika, atakusahihisha, na kumbukumbu zitafuata zenyewe. Mwache aimbe mpaka mwisho kabla hujauliza swali la pili.

Usiulize mwaka. Uliza ilikuwa kabla au baada ya jambo ambalo mji mzima unalikumbuka: kujitenga kwa Katanga 1960 hadi 1963, vita vya Shaba vya 1977 na 1978, ziara ya Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili Agosti 1985. Fujo za 1992 na 1993, zilizowafukuza watu wengi wa asili ya Kasai, ziulize kwa upole, na mtu akinyamaza usimsukume. Lakini kama mtunzi au waimbaji wake walikuwa miongoni mwao, ujue karatasi zao huenda ziko Mbuji-Mayi au Mwene-Ditu, na bila kufika huko orodha yako itabaki nusu.

Simu inatosha kurekodi. Izime mtandao, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, si kwenye meza tupu inayopokea kila mgongano wa kikombe, umbali wa mkono mmoja kutoka mdomoni. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na majina. Kama programu ya simu inaruhusu WAV, itumie: saa moja ya sauti ya mono huchukua kama megabaiti 320, kwa hiyo hakikisha nafasi kabla ya kutoka nyumbani. Kuran (umeme) inaweza kukatika usiku wote, hivyo nakili kwenye flashi mbili mara tu ukirudi, na flashi hizo zisilale nyumba moja.

Karatasi zipige picha kwenye mwanga wa dirisha, bila flashi ya kamera, simu ikiwa sambamba na ukurasa, rula kando yake ili ukubwa uonekane. Piga na migongo ya kurasa hata ikiwa tupu. Huko ndiko utakuta hesabu za michango na orodha ya waimbaji. Pini za chuma zilizoshika kutu zitoe taratibu, ufunge kwa uzi wa pamba.

Paroko ndiye mlango wa kitabu cha ubatizo. Mpelekee barua fupi inayosema unatafuta jina gani na miaka gani. Kitabu hicho kina thamani kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu pembeni mwa jina huandikwa baadaye kipaimara na ndoa, mara nyingi na parokia ilipofanyika. Barua za wamisionari wa Katanga zinaweza kuwa kwa Kifaransa au Kiflemi. Ya pili utahitaji msaidizi. Kwa aliyefanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi iliyotaifishwa 1967 na baadaye ikawa Gécamines, namba yake ya kazini inafungua faili lenye tarehe za kuajiriwa na kuhamishwa kambi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi nacho kiliendesha mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza 2000, uliokusanya kumbukumbu za wakazi.

Usiishie mlango mmoja. Joseph Kiwele, aliyezaliwa 1912 na kufariki 1961, aliandika Messe katangaise na wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga, La Katangaise, na alikuwa waziri wa elimu wa Katanga hiyo. Atakayesoma karatasi za kanisa peke yake atampata mwanamuziki asiye na siasa, na wa karatasi za serikali atampata waziri asiyejua kinanda.

Kuandika

Sheria yetu ni mashahidi wawili wasiotegemeana: karatasi na mtu, au watu wawili wa korali tofauti. Jambo lenye shahidi mmoja liandike, lakini sema ni nani aliyelisema. Hata Gallus, mwaka wake wa kuzaliwa tunaujua kwa hesabu: picha yake ya 1590 ina maandishi kwamba ana miaka 40, ndipo wasomi wakasema 1550. Onyesha hesabu kama hiyo, msomaji aweze kuipima.

Cvetko alimweka mtunzi ndani ya taasisi zilizombeba: akademia ya wapenda muziki ya Ljubljana ya 1701, chama cha filharmonia cha 1794. Nawe fanya hivyo. Sema nani alimfundisha solfa, korali ilikuwa na tenori wangapi, kinanda kilikuwa kizima au kibovu. Tenori wawili tu wanaeleza kwa nini sehemu yao ni rahisi kuliko alto, na hilo linafaa kuliko kurasa mbili za "alikuwa mtu wa karama". Nyimbo zichukue nusu ya maandishi yako angalau. Chagua tatu au nne, uzieleze kwa kina: sauti inaanza wapi, besi inajibu vipi, ngoma inaingia ubeti wa ngapi, toni za Kiluba au Kibemba, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ya maneno, zimefuatwa au zimevunjwa. Ukiona wimbo ni dhaifu, sema ni dhaifu na kwa nini.

Kabla ya kuchapisha partisyo nzima (noti za sauti zote za wimbo), pata ruhusa ya familia kwa maandishi. Sheria ya haki za watunzi ya 5 Aprili 1986 inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo. Daftari za asili zirudishe kwa mwenyewe, zikiwa kwenye bahasha zenye namba zilezile za vipande vyako. Nakala moja ya orodha iache parokiani, nyingine kwenye maktaba ya chuo, na ya tatu mpe katibu wa korali, kwa sababu yeye ndiye atakayekupigia simu "Bwana utuhurumie" ya saba usiyoijua itakapotokea.