Saa za Mwanga na Saa za Giza katika Banda la Kuku wa Mayai

Mfugaji wa kuku wa mayai aliye Kisumu, Vihiga au Nakuru ana nafuu ambayo mwenzake wa Uingereza hana. Ikweta inapita karibu naye, na kwa hivyo mchana wake hukaribia saa 12 mwaka mzima, Juni kama Desemba, ilhali mchana wa London hushuka chini ya saa 8 mwezi wa Desemba, na huko kuku wasiowekewa taa hupunguza kutaga au huacha kabisa. Ratiba za mwanga zilizoandikwa kwa ajili ya nchi za namna hiyo zisifuatwe huku kama zilivyo. Hata hivyo, saa 12 hazimtoshi kuku wa kisasa wa mayai, ambaye hutaga vizuri zaidi akipata mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku.

Mwanga haumfikii kuku kupitia macho pekee. Sehemu yake hupenya fuvu na kufika ubongoni, na ubongo huiamuru tezi iliyo chini yake kutoa homoni za kukomaza viini vya mayai. Jambo ambalo wafugaji wengi hawalizingatii ni kwamba mwili wa kuku hutambua pia kama saa hizo zinaongezeka au zinapungua. Ndiyo maana kuku anayekua hapaswi kuongezewa mwanga kabla ya wakati wake, na anayetaga hapaswi kupunguziwa hata kidogo.

Vifaranga, katika siku zao za kwanza, hupewa mwanga karibu usiku kucha ili waone maji na chakula, lakini hata wao wazimiwe taa kwa saa moja, wasije wakarundikana na kukanyagana kwa hofu siku stima itakapopotea. Baada ya hapo saa hupunguzwa hatua kwa hatua hadi wabaki na mwanga wa jua tu. Taa ya ulinzi inayomulika ndani ya banda usiku kucha huharibu mpango huu wote, kwa kuwa humfanya kuku aanze kutaga kabla mwili haujakomaa: mayai huwa madogo, njia ya yai hutokeza nje, na wenzake huidonoa hadi akafa.

Wakati wa kuanza kuongeza mwanga ni karibu wiki ya 18, ila mizani isikilizwe kuliko kalenda. Kuku wa kahawia asiyefikisha takriban kilo 1.5 angojewe. Aliye tayari hujionyesha: kilemba huwa chekundu na kikubwa, na ukimgusa mgongoni hujiinamisha na kutanua mabawa kidogo. Ongeza nusu saa kila wiki, si saa nne kwa mkupuo.

Saa hizo ziongezwe alfajiri. Taa ikiwashwa jioni kisha ikazimwa ghafla saa mbili usiku, kuku waliokuwa sakafuni hupotelewa na njia ya kupanda kwenye fito, hupapatika gizani, na wengine hulala juu ya matandazo machafu au ndani ya viota, na mayai ya kesho huokotwa yakiwa na kinyesi. Ikiwashwa saa kumi alfajiri na kuzimwa kumepambazuka vizuri, kuku hupata karibu saa 15, na jioni hupanda wenyewe kadiri jua linavyotua. Kwa mfugaji mdogo mpango huu unatosha, mradi maji na chakula viwepo tangu saa kumi. Kuku aliyeamshwa akakuta chombo kikavu ameamshwa bure.

Mwanga wenyewe si lazima uwe mkali. Ukiweza kusoma gazeti ukiwa umechuchumaa kando ya vyombo vya chakula, unatosha. Ukizidi sana huchochea kudonoana. Balbu ya kisasa ya wati 5 au 6, yenye rangi ya manjano, ikining'inizwa kama mita 2 kutoka sakafuni, huhudumia eneo la takriban mita 20 za mraba. Ipanguswe kila wiki, maana vumbi la maranda hula mwanga kimyakimya.

Giza nalo lina kazi yake. Sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku, kuku akiwa halili, akitumia madini yaliyomo tumboni na katika mifupa yake. Kwa hiyo kuku abakiziwe angalau saa 8 za giza kamili, na chokaa ya mifugo yenye chembe kubwa itolewe alasiri ili imfae usiku.

Stima ikipotea mara kwa mara, kama ilivyo vijiji vingi, ni heri kutumia taa ya sola yenye saa ya kujiwasha, au kubaki na mwanga wa jua pekee, kuliko kuwapa kuku saa 15 wiki hii na 12 wiki ijayo. Mwanga unaoruka hivyo huweza kuwanyonyoa manyoya na kusimamisha utagaji kwa majuma kadhaa. Kuku wa kienyeji anayeachwa aatamie hahitaji gharama hii hata kidogo, kwani akishaketi juu ya mayai yake huacha kutaga hata ukimwashia taa.