"Uhalifu uko kwenye damu": namna ya kulipima dai hilo

Ukisoma kwamba imegunduliwa "jeni ya uhalifu", iache jeni kwanza. Uliza waliopimwa walipatikana wapi. Mwaka 1965 watafiti waliwapima wanaume 197 katika hospitali yenye ulinzi mkali huko Scotland, wakakuta 7 wenye kromosomu Y ya ziada (kromosomu ni nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni), yaani XYY badala ya XY ya kawaida ya wanaume. Miongoni mwa wanaume wote, hali hiyo humpata takriban mmoja katika 1,000, kwa hiyo wengi waliamini kiini cha ukatili kimepatikana. Lakini utafutaji ule uliishia ndani ya ukuta. Wenye XYY waliokuwa makazini na majumbani kwao hakuna aliyewahesabu.

Sasa geuza hesabu: kati ya wenye hali hiyo, wangapi wamevunja sheria, na kwa kosa gani? Utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 1976 ulianza na wanaume warefu zaidi ya 4,000 waliotoka uraiani, kwa kuwa wenye XYY huwa warefu. Wenye XYY walikuwa 12 tu, na 5 kati yao walikuwa na rekodi ya makosa. Idadi hiyo si ndogo, ila makosa yenyewe karibu yote hayakuwa ya kumdhuru mtu. Usiishie kwenye asilimia. Soma mpaka ufike kwenye aina ya kosa.

Hatua ya tatu ni malezi. Jeni ya MAOA huongoza utengenezaji wa kimeng'enya kinachovunja kemikali za ubongo kama serotonini. Mwaka 2002, utafiti uliofuatilia watoto wa Dunedin, New Zealand, ulionyesha kuwa toleo lake dhaifu liliambatana na ukatili hasa kwa wavulana walioteswa utotoni. Wavulana wote waliochunguzwa walikuwa 442; wagawe kwa jeni, kisha kwa malezi, na kila fungu linabaki na watu wachache. Kwa hiyo tafuta kama wengine wamerudia kipimo hicho na kupata jibu lile lile.

Angalia umri pia. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuzuia tusikurupuke, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Kijana wa miaka 16 anayejitosa hatarini mbele ya wenzake hajathibitisha tabia ya kudumu. Wala alama ya mwilini si hukumu: mapigo ya moyo ya polepole huhusishwa na ukorofi, ingawa wanariadha wengi wanayo.

Mwisho, uliza kama hiyo "biolojia" imeingia mwilini kutoka nje. Madini ya risasi kutoka kwenye rangi kuukuu au mabomba huharibu ubongo wa mtoto, yakidhoofisha umakini na uwezo wa kujizuia. Hayo hupimwa kwa damu kidogo tu, na chanzo chake kinaweza kuondolewa.