Jinsi ya kuandika dai linalobeba insha nzima ya hoja

Nimesahihisha insha za hoja kwa miaka mingi, na nyingi zinazoanguka huangushwa na sentensi moja: ile ya dai. Mwandishi ana ushahidi na lugha safi, ila hajasema anataka msomaji akubali nini. Tutumie mada moja mpaka mwisho: saa ya kuanza masomo.

Hatua ya 1: Geuza mada iwe swali

"Saa ya kuanza masomo" haikubaliwi wala haipingwi. Uliza: je, shule za sekondari zichelewe kuanza asubuhi? Jibu lako, kwa sentensi kamili, ndilo dai bichi.

Hatua ya 2: Mtafute mpinzani

"Usingizi ni muhimu kwa wanafunzi." Nani atabisha? Hapo utaandika kurasa tatu kumshawishi mtu aliyekwisha kukubali. "Mimi napenda masomo yaanze saa nne" nayo haifai, maana mapenzi ya mtu hayabishiwi. Linganisha na hili: "Shule za sekondari zisianze masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi." Mzazi anayewahi kazini ana la kujibu, na dereva wa basi la shule pia.

Hatua ya 3: Ongeza "kwa sababu"

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Sababu yetu: mtu akibalehe, saa ya mwili wake huchelewa, hata kwa saa mbili, hivyo usingizi humjia usiku zaidi. Ushahidi upo: mwaka 2014 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilipendekeza shule zisianze kabla ya saa mbili na nusu.

Lakini mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alionyesha mwaka 1958 kwamba kati ya ushahidi na dai kuna kiungo ambacho mara nyingi hakitamkwi. Chetu ni hiki: ratiba ya shule inapaswa kufuata afya ya wanafunzi kabla ya urahisi wa watu wazima. Kiandike pembeni, hata kama hakitaingia kwenye insha. Ukikisoma na wewe mwenyewe ukasita, sababu yako haifiki kwenye dai, tafuta nyingine. Ningeulizwa nichague hatua moja tu ya kufundisha, ningechagua hii.

Hatua ya 4: Lipunguze

"Zote", "daima" na "kamwe" huangushwa na mfano mmoja wa kinyume. Mwanafunzi wa bweni hana safari ya asubuhi, hesabu yake ni nyingine. Basi sema "shule za kutwa". Usirundike "huenda" na "labda", maana msomaji atajua unaogopa.

Hatua ya 5: Mpe mpinzani nafasi

Chagua pingamizi zito kuliko yote, kisha uanze na "ingawa":

"Ingawa mabadiliko haya yatavuruga ratiba za wazazi na usafiri, shule za sekondari za kutwa zisianze masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, kwa sababu saa ya mwili ya vijana huwachelewesha kulala na kuamka mapema huwapunguzia usingizi."

Sasa andika insha, kisha ulirudie dai. Mara nyingi aya ya nne huwa imegundua jambo ambalo sentensi hii haikulijua. Ikitokea hivyo, mimi hubadilisha dai na kuiacha aya.