Kabla ya kuwasha moto (pikipiki) mjini Goma: uvae nini, na kwa nini usiamulie mlangoni

Kiganja changu cha kulia kina vidoti vitatu vyeusi, chini kidogo ya kidole gumba. Ni mawe ya Nyiragongo, volkano yetu. Nilianguka na pikipiki mtaani Himbi, kama mita mia sita kutoka nyumbani, nikienda kununua mkate, nimevaa kaputula na kandambili, kaske (kofia ngumu ya pikipiki) nimeiacha juu ya kabati. Chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, iliyojaa makaa ilikata mbele yangu, nikabana breki ya mbele juu ya changarawe, na kabla sijajua kwamba naanguka, mkono ulikuwa umeshatangulia chini. Muuguzi alinisugua kwa brashi na maji ya sabuni karibu nusu saa. "Papa, haya yaliyobaki yameingia ndani," akasema, "tuyaache." Yakabaki.

Naanza na safari hiyo ya mkate kwa sababu kila nikizungumza na watu juu ya mavazi ya kujikinga, jibu ni lile lile: "Ni hapa karibu tu." Anayekwenda nje ya mji, Rutshuru au Sake, hujifunga koti, akavaa buti na kaske. Anayekwenda dukani huenda kama alivyoamka. Hesabu hiyo inafuata urefu wa safari, wakati kinachoumiza ni ardhi, na ardhi ya dukani na ya Rutshuru ni moja.

Chukua kichwa peke yake. Mtu akiwa amekaa juu ya pikipiki, kichwa chake kiko kama mita moja na nusu kutoka chini. Hata pikipiki ikiwa imesimama kabisa, kichwa kikianguka kutoka hapo kinafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Sasa weka kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao hapa mjini tunauona kama wa kutembea: unasogea mita 11 kila sekunde. Suruali ya jinzi ya kawaida, ikisuguliwa kwenye mashine ya majaribio, hutoboka kabla sekunde moja haijaisha. Na hapo tunazungumzia sehemu laini. Sisi tunaishi juu ya lava, mawe ya volkano yaliyoyeyuka yakaganda. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ile ya tarehe 22 Mei 2021 ikaishia Buhene, pembezoni mwa mji, na juu yake tumejenga nyumba, kuta na barabara. Jiwe la lava lina matundu kama mkate na makali kama chupa iliyovunjika.

Je, basi mtu avae kila kitu, kila siku, kila mahali? Mimi sisemi hivyo, na anayesema hivyo sidhani kama amewahi kubeba abiria kutoka Majengo hadi Birere tangu asubuhi mpaka usiku. Ninachosema ni kwamba kichwa, mikono na miguu havina mjadala, hata kwa safari ya mkate. Mengine yafuate barabara unayokwenda. Na uamuzi huu ufanywe mara moja, siku umetulia nyumbani, usifanywe upya kila asubuhi mlangoni ukiwa na haraka. Mlangoni uvivu hushinda kila mara.

Kaske ndiyo ya kwanza, na ndiyo inayodanganya watu zaidi. Faida yake haina ubishi: uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti 61, ulikuta kwamba kaske hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini wanazungumzia kaske, si bakuli. Hapa kwetu nimeona watu wamevaa kofia za mjengo, kofia za baiskeli, na ganda la plastiki lililoshonewa sponji ndani, mkanda ukining'inia. Kitu cha namna hiyo kinamtosha polisi wa barabarani. Lami hakiidanganyi.

Kabla ya kulipa, igeuze kaske na utazame ndani. Chini ya kitambaa lazima kuwe na povu gumu, lile lile jeupe linalofungiwa televisheni ndani ya katoni, ila limebanwa zaidi. Mara nyingi ni jeusi, unene wa sentimita tatu hivi. Bonyeza kwa kidole gumba. Likizama kama godoro, rudisha. Povu hilo ndilo linalofanya kazi: linapondeka badala ya ubongo wako kupondeka, na likishapondeka halirudi. Ndiyo maana kaske iliyokwisha kuanguka na mtu haiuzwi wala haipewi mdogo wako, hata kama nje inang'aa. Na ndiyo maana sipendi kununua ya mkononi: historia yake anaijua muuzaji tu.

Halafu tafuta kilebo kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Kaske zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22 zina herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyozipitisha: E2 ni Ufaransa, E6 ni Ubelgiji. Kando yake kuna namba ndefu inayoanza na 05, au 06 kwa toleo jipya zaidi. Mwishoni mwa namba hiyo kuna herufi ambayo wengi hawaisomi: P maana yake kidevu kimepimwa na kinakinga, J maana yake kaske haina kinga ya kidevu, NP maana yake sehemu ya kidevu ipo lakini ni pambo. Usiidharau. Watafiti wa Hannover, Ujerumani, walipochora ramani ya mahali kaske zilipogongwa, karibu theluthi moja ya mapigo ilikuwa upande wa uso na kidevu. Kilebo kinaweza kuigwa, najua. Kwa hiyo soma kilebo na ubonyeze povu, vyote viwili.

Ukubwa: zungusha futi ya fundi cherehani juu kidogo ya nyusi, upate namba yako kwa sentimita. Ukiivaa lazima mashavu yabanwe kidogo, uongee kama mwenye kiazi mdomoni. Funga mkanda, vidole viwili tu vipite chini yake, kisha mwombe mtu aishike kwa nyuma na kuivuta kuelekea mbele. Ikivuka kichwa, si yako. Nyumbani usiitundike juu ya kioo cha pembeni kama wamotari (waendesha pikipiki za abiria) wengi wanavyofanya, maana ncha ya kioo inatoboa povu taratibu. Na kioo cha mbele usikipanguse kwa kitambaa kikavu. Vumbi letu ni mchanga wa volkano, linakwangua. Baada ya mwezi taa za gari linalokuja usiku zinageuka jua. Maji kwanza, sabuni kidogo, ndipo kitambaa.

Mikono ni ya pili, na hapa vidoti vyangu vitatu vinaongea vyenyewe. Mtu akianguka hutanguliza viganja, hakuna anayefundishwa. Ngozi ya kiganja ikiondoka, utalishwa na kuogeshwa wiki tatu, na kama wewe ni fundi au dereva, hizo ni wiki tatu bila mapato. Ubelgiji iliweka glavu kuwa lazima kisheria tarehe 1 Septemba 2011, pamoja na koti la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vinavyofunika kifundo. Ufaransa ikaziweka glavu tarehe 20 Novemba 2016. Sizitaji nchi hizo ili tuziige kwa kila jambo. Nazitaja kwa sababu zote mbili hazikuziacha glavu nje. Kama huna za pikipiki, za ngozi za mchomeleaji, zile fupi, ni bora mara kumi kuliko viganja vitupu. Zifungwe kwenye kifundo cha mkono, zisichomoke.

Miguu: kiatu kinachofunika kifundo, chenye soli ngumu, na kamba zimechomekwa ndani zisije zikakamatwa na pedali ya gia. Buti za ngozi zilizovaliwa na wengine zipo sokoni Birere kwa bei ya kujadiliana. Basi, hapa sina zaidi.

Koti na suruali ndipo ninapolegeza kamba. Mjini, kwa mwendo wa mjini, koti la ngozi au la turubai nzito linatosha. Ukitoka nje ya mji, iwe barabara ya Rutshuru au ya Sake, tafuta lenye vikinga kwenye mabega na viwiko, na suruali yenye vikinga magotini. Kwenye marobota ya mitumba kutoka Ulaya hujitokeza makoti ya pikipiki ambayo wauzaji huyauza kama makoti ya baridi tu, kwa sababu hawajui vile vipande vigumu ndani ni vya nini; wengine huving'oa ili koti likae vizuri. Pekua mifuko ya viwiko kwanza. Na usitegemee miujiza: utafiti uliofanyika eneo la Canberra, Australia, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta waliovaa mavazi ya kinga hawalazwi hospitali sana kama wasiovaa, lakini pia karibu koti tatu kati ya kumi zilishindwa siku ya ajali, zikachanika au kutoboka. Vuta mishono kwa nguvu dukani. Koti linakuokoa na kuchunika. Lori likikupitia juu, halina la kusema.

Kisingizio cha joto nakiachia watu wa Kinshasa. Sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, jioni tunatafuta sweta. Ukipanda kuelekea Kibumba asubuhi na ukungu, utalitafuta koti hilo hata kama hakuna ajali duniani. Kinachosumbua hapa ni mvua, kuanzia Septemba: koti la mvua livaliwe juu ya koti la kinga, si badala yake, na liwe la rangi inayoonekana. Ukungu wa Goma humeza jeusi lote.

Sasa abiria, ambaye ndiye anayesahauliwa. Ukivuka mpaka ukaingia Gisenyi, motari anakupa kaske kabla hujakaa, nawe unavaa bila neno. Mtu huyo huyo akirudi upande huu, kilomita moja baadaye, anapanda kichwa wazi. Sababu ninazosikia ni jasho la watu, chawa, na nywele zilizosukwa jana kwa pesa. Zote ni za kweli. Dawa yake ni kitambaa chepesi kichwani chini ya kaske, kila mtu na chake mfukoni, na kama unapanda kila siku, nunua kaske yako mwenyewe uibebe mkononi. Utaonekana wa ajabu kwa wiki moja.

Kikwembe, kitenge cha kujifunga, nacho kitazamwe kabla ya kuondoka. Mama anayekaa kando, ncha ya kikwembe ikining'inia upande wa mnyororo, yuko karibu na hatari kuliko dereva mwenyewe: gurudumu la nyuma likiikamata nguo, linamvuta yeye. Nguo ikusanywe, ikaliwe, au ifungwe kiunoni juu ya suruali. Na ashukie kushoto. Kulia kuna eshapma (bomba la moshi), na alama ile ya kuungua kwenye shavu la mguu wa kulia imewaandika wengi wa mji huu. Jirani zetu wa Tanzania hucheka wakisikia kwamba sisi "tunapanda moto". Kwa eshapma, hawajakosea.

Kuhusu wamotari wenyewe, sitaki kuwahubiria. Anayelipa versement, pesa ya mwenye pikipiki, kila jioni hawezi kuambiwa anunue vazi la dola mia mbili. Nilimwuliza mmoja pale Rond-point Signers angeanza na nini. Akanijibu, "Yaya (kaka mkubwa), mimi naanza na mafuta." Lakini kijana huyo huyo alikuwa amevaa glavu, za pamba, zimetoboka vidoleni, kwa ajili ya baridi ya alfajiri. Nikamwambia abadilishe zitakapokwisha, achukue za ngozi. Hapo alisikiliza, kwa sababu hiyo ni bei anayoweza kuifikia kwa siku mbili nzuri.

Mimi baada ya Himbi nilibadilisha kitu kimoja tu nyumbani. Ufunguo wa moto hautundikwi tena kwenye msumari wa mlangoni. Unalala ndani ya glavu ya kulia, glavu ndani ya kaske, kaske juu ya buti. Nikiutaka ufunguo, lazima nivishike vyote. Mke wangu alicheka siku za kwanza, sasa na yeye kaske yake iko hapo hapo, imeandikwa jina kwa rangi ya kucha.

Bado mtoto. Ana miaka sita, na kaske ya kichwa chake sijaipata sokoni. Nilizopewa kujaribu zilizunguka kama ndoo. Anakwenda shule kwa miguu.