Kumsoma kima wa City Park kwa video

Nataka kujua kima wanavyochambuana manyoya, kwa hiyo hurekodi asubuhi, City Park pale Parklands, Nairobi, kabla watu hawajafika na karanga. Kima akiona karanga, tabia yake hubadilika na video haifai tena.

Funga simu kwenye stendi, usiishike mkononi. Dakika kumi zinatosha.

Programu ninayotumia ni DeepLabCut, inayofuatilia viungo vya mnyama kwenye video; ilitoka 2018, nayo ni ya bure. Unaifundisha wewe: chagua picha kama 200 kutoka kwenye video, kisha weka nukta puani, begani, kiganjani na kwenye mkia. Hapa usiharakishe hata kidogo. Chukua za juani na za kivulini, kima akiwa ameketi, akiruka, akiwa amebeba mtoto kifuani. Mara ya kwanza nilichagua za juani tu. Kima alipoingia kivulini, nukta ya mkia ikahamia kwenye tawi. Mkia na tawi vinafanana mno.

Laptopu yangu haina nguvu ya kuifunza, kwa hiyo natumia Google Colab, yaani kompyuta za Google kupitia mtandao.

Mwishowe unapata jedwali la mahali kila nukta ilipo, pamoja na kiwango cha uhakika. Zenye uhakika mdogo ziondoe.

Jedwali halijui kuchambuana manyoya ni nini. Uamuzi ni wako: mimi huhesabu kuwa ni kuchambuana kiganja kikikaa begani mwa mwenzake sekunde tano. Kisha narudi kuitazama video kwa macho, kwa sababu mama anayemzuia mwanawe asianguke naye huweka mkono palepale.